Bima na Tiba ya Akili kwa Njia ya Simu: Malipo Yamfuate Mgonjwa Hadi Mombo

Mji mdogo wa Mombo umekaa chini ya milima ya Usambara, pale ambapo barabara ya Soni na Lushoto hujitenga na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mabasi husimama hapo mchana na usiku, abiria wakanyoosha miguu na kununua chakula, kisha safari ikaendelea. Kwa mpita njia, Mombo ni mahali palipo karibu na kila kitu. Kwa mgonjwa wa akili na ndugu anayemuuguza, mambo hayako hivyo. Hospitali ya Magunga iko Korogwe mjini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, iko Tanga, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombo. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma. Kadiri utaalamu unavyopanda, ndivyo mwendo unavyorefuka.

Hata hivyo, wilaya ya Korogwe si ngeni katika tiba ya akili. Lutindi, juu katika milima ya Usambara, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Hadi leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya tiba inayotolewa huko. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, familia za bondeni na za milimani zimeona kwa macho yao kwamba ugonjwa wa akili hutibika. Kilichowashinda wengi ni safari.

Safari hiyo ina hesabu yake. Mgonjwa wa kisukari aweza kupanda basi peke yake, akaenda kliniki na kurudi. Mgonjwa wa skizofrenia ambaye hajatulia hawezi kuachwa peke yake njiani. Lazima awe na msindikizaji. Kwa hiyo nauli ni nne: mbili za kwenda na mbili za kurudi. Juu yake kuna chakula cha watu wawili, na kibarua cha siku nzima kilichopotea katika shamba la mpunga au la mkonge. Familia hubeba mzigo huo mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwezi wa nne mgonjwa analala vizuri, anasalimia watu, anachota maji; safari inaahirishwa. Dawa zinakwisha. Baada ya wiki chache sauti zinarudi, na safari inayofuata ni ya usiku, kwa gari la kukodi, pengine mgonjwa akiwa amefungwa kamba. Gharama iliyoahirishwa hurudi ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayofanyika katika hudhurio la kawaida la kliniki ya akili ni mazungumzo. Daktari huuliza kama mgonjwa analala, kama anakula, kama bado anasikia sauti, kama mikono inatetemeka, kama amekunywa dawa zote au amezibakiza. Humwuliza ndugu maswali hayo hayo. Huangalia uso, husikiliza mpangilio wa maneno, kisha huongeza dozi, huipunguza au huiacha kama ilivyo. Hakuna picha ya eksirei wala upasuaji. Ikiwa ipo huduma ya kitabibu inayoweza kupita kwenye simu bila kupoteza uzito wake mwingi, ni hii.

Kwa nini, basi, haijawa kawaida? Wengi hutaja mtandao, umeme na uhaba wa wataalamu. Sababu hizo ni za kweli. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini bado wanahesabika kwa makumi, katika taifa ambalo Sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na watu 61,741,120. Lakini uhaba huo ndio hoja ya kutumia simu, kwa kuwa bingwa mmoja hawezi kukaa Tanga na Mombo kwa wakati mmoja. Iko sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya kihasibu: bima imezoea kulipia mlango ambao mgonjwa amepita, na mazungumzo ya simu hayana mlango. Mpaka hilo litatuliwe, tiba ya akili kwa njia ya simu itabaki kuwa hisani ya mganga mwenye moyo mwema na salio la kutosha.

Jinsi dai linavyojengwa

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Mwanachama anapofika kituoni, uanachama wake huhakikiwa dirishani. Fomu ya madai hufunguliwa. Msimbo wa ugonjwa huandikwa, ada ya kumwona daktari hutajwa, vipimo na dawa huorodheshwa moja moja kwa bei za kitita cha mafao, mtoa huduma hutia saini, na mgonjwa naye hutia saini kukiri kwamba amehudumiwa. Madai hukusanywa na kupelekwa kwenye Mfuko. Huko huhakikiwa, na panapoonekana pengo, fedha hukatwa.

Utaratibu huo una mantiki yake, nao umezisaidia hospitali nyingi kusimama. Lakini ulibuniwa kwa mgonjwa aliyesimama mbele ya dirisha. Daktari aliye Tanga anapozungumza kwa nusu saa na mgonjwa aliyeketi katika kituo cha afya Mombo, maswali matatu huzuka papo hapo. Mgonjwa huyu amehudumiwa wapi? Nani atie saini, na kwenye karatasi ya kituo kipi? Na dawa aliyoagiza bingwa itolewe na nani?

Swali la tatu ni gumu kuliko linavyoonekana. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu hugawa dawa kwa ngazi za vituo: zipo zinazoruhusiwa zahanati, zipo za kituo cha afya, zipo za hospitali ya wilaya na ya mkoa, na zipo za bingwa. Bingwa akiwa ofisini kwake, huandika dawa ya ngazi yake bila shida. Akiiandika kwa simu kwa mgonjwa aliye katika kituo cha ngazi ya chini, kituo kinachotoa dawa hiyo kinajiweka katika hatari ya kukatwa dai. Hapo utaalamu unakuwa umefika Mombo, dawa ikabaki Tanga, na mgonjwa anarudishwa kwenye zile nauli nne alizodhaniwa ameepushwa nazo.

Kwa kaya iliyo katika Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, fundo ni jingine. Katika mikoa, kaya hiyo imekuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi 6, na huduma zake zimekuwa zikianzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Je, bingwa wa Mirembe akimsikiliza mgonjwa huyo kwa simu kutoka Dodoma, kadi imevuka mpaka wake au haijavuka? Mgonjwa hajatoka Mombo. Aliyesafiri ni sauti ya daktari. Busara inaelekeza kwamba ngazi ihesabiwe kwa mahali alipo mgonjwa, lakini jambo hilo lahitaji kuandikwa, kwa sababu mhakiki wa madai hulipa kilichoandikwa.

Mvutano wa Machi 2024 ulifundisha somo hilo. Kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama kwa madai kwamba bei hazitoshi. Yeyote aliyekuwa na haki katika mvutano ule, mwananchi aliyesimama mlangoni na kadi yake alielewa jambo moja: mstari mmoja katika orodha ya bei huweza kufungua mlango au kuufunga. Huduma ya akili kwa simu nayo yahitaji mstari wake.

Msamaha haujazi kabati la dawa

Wapo watakaouliza kwa nini bima ihusishwe, ilhali magonjwa ya akili ni miongoni mwa yale ambayo kwa muda mrefu yamewekwa katika msamaha wa malipo kwenye vituo vya umma. Swali ni la haki, na jibu lake ni hili: msamaha humwondolea mgonjwa deni, lakini hauweki fedha mkononi mwa kituo. Ofisa tabibu anayetenga saa moja kwa simu ya bingwa ameacha foleni ya wagonjwa wengine nje. Simu imekula salio au kifurushi. Dawa zilizotolewa bila malipo leo ni lazima zinunuliwe tena kesho, na kabati likiwa tupu, msamaha hugeuka kuwa karatasi ya kupeleka duka la dawa. Mgonjwa aliyesamehewa malipo dirishani huishia kulipa kaunta.

Isitoshe, msamaha hauwagusi wote kwa namna moja. Mwalimu wa shule ya msingi anayekatwa mchango wake kila mwezi hajaomba kusamehewa, amekwisha kulipa. Akiugua sonona na kushindwa kusimama mbele ya darasa, anastahili kile alichokilipia, kama angestahili dawa ya shinikizo la damu. Mchango wake haukuwa wa mwili peke yake.

Hofu ya bima ina msingi wake

Si haki kuwachora walipaji wa bima kama watu wasiojali. Wana hofu mbili, na zote mbili zina msingi. Hofu ya kwanza ni udanganyifu. Ikiwa mgonjwa hewa ameweza kuingizwa kwenye fomu ya karatasi, itakuwaje kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemwona? Hofu ya pili ni wingi. Simu ni rahisi kuliko basi. Ikilipiwa, huenda watu wakaitumia kila siku na mfuko ukakauka.

Hofu ya udanganyifu ina jibu ndani ya utaratibu uliopo. Njia salama ya kuanzia ni ya kituo kwa kituo. Mgonjwa anafika katika kituo cha afya cha karibu, kadi yake inahakikiwa dirishani kama siku zote, muuguzi anampima uzito na shinikizo la damu, kisha anaingizwa katika chumba tulivu na kuunganishwa na bingwa, ofisa tabibu akiwa kando yake. Mgonjwa yupo, ameonekana, saini yake ipo. Kilichobadilika ni kwamba anayeuliza maswali ameketi mji mwingine. Tena, simu huacha alama ambazo karatasi haiachi: saa iliyopigwa, dakika ilizodumu, namba iliyopiga na namba iliyopokea. Mhakiki makini atapata ushahidi zaidi hapo kuliko katika mwandiko wa haraka wa kliniki iliyojaa.

Kuhusu wingi, bima inazo njia za kuweka mipaka. Inaweza kuruhusu idadi maalumu ya mashauriano kwa kila miezi mitatu, na kutaka mgonjwa aonwe ana kwa ana angalau mara moja katika kila nusu mwaka. Inaweza kuanza na wale tu ambao ugonjwa wao umekwisha kutambuliwa na wana kadi ya kliniki. Lakini hesabu hiyo ifanywe kwa pande zote mbili. Mgonjwa aliyeacha dawa kwa kukosa nauli hatoweki katika vitabu. Hurudi akiwa wa kulazwa, na kulazwa kwa wiki kadhaa hakujawahi kuwa rahisi kuliko simu ya nusu saa.

Yaliyotokea kwingine

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 2020 serikali ya Rwanda iliingia makubaliano ya miaka 10 na kampuni ya Babyl, iliyokuwa ikitoa ushauri wa kitabibu kwa simu, na bima ya jamii ya nchi hiyo, Mutuelle de Santé, ikawa inalipia huduma hiyo. Mwananchi mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, alibonyeza namba fupi, akazungumza na muuguzi au daktari, kisha akapokea kwa ujumbe mfupi namba ya kupelekea kituoni au duka la dawa. Ilidhihirika kwamba bima ya watu wa kipato cha chini inaweza kulipia tiba kwa simu ya kawaida. Lakini mwaka 2023 kampuni mama ya Babylon, iliyoanzishwa Uingereza, ilianguka, na huduma ya Rwanda ikafungwa nayo. Mafunzo ni mawili. Malipo yanawezekana. Na yafungamanishwe na vituo vya umma na vya mashirika ya dini ambavyo vitakuwapo kesho, yasitegemee kampuni moja ya mbali.

Mfano wa pili unatoka Marekani, nchi yenye fedha nyingi, ambako nako bima ilishikilia mlango kwa miaka mingi. Medicare, bima ya umma ya wazee, ililipia tiba kwa mbali chini ya masharti makali ya mahali alipo mgonjwa. Janga la UVIKO-19 lilipoingia Machi 2020, masharti hayo yalilegezwa kwa dharura. Sheria iliyopitishwa Desemba mwaka huo iliondoa sharti la mahali kwa huduma za afya ya akili, hata mgonjwa akiwa nyumbani kwake, na kuanzia mwaka 2022 kanuni zikakubali mazungumzo ya sauti pekee pale mgonjwa asipoweza au asipotaka kutumia picha. Ikiwa nchi yenye mtandao wa kasi iliona haja ya kuwalipia wagonjwa wake simu ya sauti tupu, kudai picha ya video kwa mama wa Mombo mwenye simu ya kitochi ni kumfungia nje kwa adabu.

Mambo matano ya kuandikwa

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa ndani ya bima. Kadiri vitita vinavyopitiwa na kanuni zinavyoboreshwa kwa ajili ya utekelezaji wake, mambo matano yanafaa kuandikwa waziwazi.

La kwanza, mashauriano ya afya ya akili kwa mbali yatajwe kwa jina, yawe na msimbo wake na bei yake. Ada ya bingwa isipunguzwe kwa kuwa mgonjwa yuko mbali. Elimu yake haipungui kwa urefu wa waya.

La pili, malipo yagawanywe pande mbili. Bingwa anayesikiliza alipwe kupitia hospitali yake, na kituo kinachompokea mgonjwa, kinachompima, kinachokaa naye na kutoa dawa, nacho kilipwe ada yake. Ada hii ya pili ndiyo husahaulika, nayo ndiyo itakayoamua kama chumba kitatengwa Mombo au la. Kituo kisicholipwa hakitakataa kwa maneno. Kitasema tu kwamba leo chumba kina shughuli.

La tatu, sauti pekee ikubaliwe kwa mgonjwa anayejulikana.

La nne, dawa iliyoagizwa na bingwa kwa mbali ihesabiwe kwa ngazi ya aliyeiagiza, ili kituo cha chini kinapoitoa kwa maandishi ya bingwa huyo kisikatwe.

La tano, uthibitisho wa mgonjwa aliye nyumbani uwe wa namba ya siri badala ya saini. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wajane, wavuvi na wauza nyanya wametuma na kupokea fedha kwa namba ya siri na ujumbe mfupi, na hakuna anayewataka waje watie saini. Mtu anayeaminiwa kuhamisha akiba yake yote kwa kitochi anaweza kuaminiwa kuthibitisha kwamba daktari amezungumza naye.

Mipaka ya simu

Kutetea malipo ya simu si kudai kwamba simu inatosha kwa kila hali. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa hatakiwi kuwekwa kwenye foleni ya bingwa wa akili. Bonde la Korogwe ni eneo la malaria, na malaria ya ubongo hujivika vazi la kichaa. Huyo apimwe damu mara moja. Anayeonyesha nia na mpango wa kujidhuru asiachwe peke yake na simu. Akae na mtu, aondolewe sumu za shambani na kamba karibu yake, apelekwe kituoni. Mwenye shingo iliyopinda au mwili uliokakamaa baada ya sindano ya miezi anahitaji mikono ya mganga. Mjamzito anayetumia dawa za kifafa au za akili aonwe ana kwa ana. Kitita kizuri kitaitaja mipaka hii, na kitalipia rufaa ya haraka inapofika hapo.

Mpaka mwingine ni siri. Fomu ya madai hubeba msimbo wa ugonjwa, na msimbo hupita mikononi mwa watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, lakini sheria haisaidii pale muuguzi anapoita kwa sauti, "Yule wa kichaa, simu yako imefika." Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa aliyejaribu kujiua, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inakitaja kitendo hicho kuwa kosa. Mgonjwa anayeogopa kwamba maneno yake kwa daktari yatafika kwa mwajiri, kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi hatasema ukweli, iwe kwa simu au uso kwa uso. Chumba chenye mlango unaofungwa ni kifaa cha tiba, na gharama yake iwe ndani ya ada ya kituo.

Yanayowezekana leo

Wakati kanuni zikingojewa, watoa huduma wanaweza kuandaa ushahidi utakaozijenga. Kila mazungumzo ya simu na bingwa yaandikwe katika faili la mgonjwa siku ile ile: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, jina na namba ya usajili ya aliyeshauri, aliyekuwepo, kilichoamuliwa, dawa na dozi. Daftari la rufaa liwe na safu ya simu. Mganga mfawidhi atakayefika kwenye kikao cha bima na daftari la mwaka mzima atasikilizwa kuliko mwenye malalamiko matupu. Jambo moja liepukwe kabisa: kuijaza simu katika fomu kana kwamba mgonjwa alimwona bingwa ana kwa ana. Nia yaweza kuwa njema, lakini huo ni udanganyifu, na dai moja la namna hiyo likigunduliwa huwaharibia wote wanaodai kwa haki.

Wagonjwa na ndugu nao wana nafasi yao. Wahifadhi kadi ya kliniki na majina ya dawa, si rangi zake. Waulize dirishani kabla ya huduma: je, hii inalipiwa na bima, na kama hailipiwi, ni kiasi gani? Kwa maswali ya jumla kuhusu huduma, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Na mgonjwa anapopata nafuu, asihesabu nafuu hiyo kuwa ruhusa ya kuacha dawa. Huo ndio mwezi wa nne, na ndio wa kuangaliwa zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wengi wa Mombo hawakuficha. Walikwenda, walitibiwa, wakarudi, kisha nauli ikawashinda.

Reli ya Usambara ilipofika Mombo mwaka 1905, umbali wa kwenda pwani ulifupishwa kwa chuma na mawe, kwa gharama kubwa na kwa jasho la watu wengi. Umbali uliobaki kati ya mgonjwa wa akili na daktari wake hauhitaji reli. Mnara wa simu umekwisha kusimama, kitochi kimo mfukoni, muuguzi yupo kituoni. Kinachosubiriwa ni mistari michache katika orodha ya bei, itakayosema kwamba kumsikiliza mgonjwa ni tiba, na kwamba tiba hulipiwa pale mgonjwa alipo.